Mnamshukuru Mungu, na Mama Je?

Kuna neno moja ninalolisikia mara nyingi siku ya Dominika, Misa ikiisha, watu wakiwa bado wamesimama mbele ya kanisa. Baba mmoja anasema: "Wamama wa siku hizi hawasali tena, wamekuwa watu wa biashara tu." Wa pili anaitikia. Wa tatu anatoa mfano wa bibi yake mwenyewe: rozari ya shirika haji, Misa anafika wakati wa somo la pili, na jioni, sala za jamaa zikianza, anasinzia kabla ya fungu la kwanza kwisha. Wote wanasikitika pamoja. Kisha wanaagana, na kila mtu anakwenda kwake kula.

Kula nini? Hilo ndilo ulizo langu. Unga ule nani aliununua? Makala yale nani aliyabeba? Sombe ile nani aliitwanga jana usiku, wakati wengine walipokuwa wamekwisha lala? Wababa hawa wanakula biashara ya bibi zao asubuhi na jioni, halafu wanasimama mbele ya nyumba ya Mungu na kusema ya kwamba biashara imeua imani.

Mimi nasema: neno hilo si kweli, tena linadhuru. Kazi nyingi za jamaa haziui shukrani. Kinachoiua ni mazoea ya kupokea kila siku kutoka mkono wa mtu bila kumtazama mwenye mkono. Mtu asiyeuona mkono unaomwekea bukari mezani, nashangaa anauona namna gani mkono wa Mungu, ambao macho hayaufikii.

Tufuate siku moja ya mama wa jamaa katika mitaa ya Lubumbashi, Likasi au Kolwezi. Anaamka kungali giza, kwa kuwa pengi maji ya bomba hayaji kila saa. Yakija usiku, basi ni usiku ndipo ndoo na bidoni zinajazwa. Umeme ukiwa umekatika, anawasha makala na kuyapepea. Anachemsha maji ya kuoga watoto, anatafuta soksi ya mmoja na daftari ya mwingine, anamwambia wa tatu ya kwamba makuta ya masomo yatapatikana siku ya Ijumaa, ingawa hajui bado yatatoka wapi. Halafu anamfunga mdogo mgongoni na kushika njia ya soko. Huko anauza unga kwa kipimo, au ndagala, au nyanya zilizopangwa mafungu mafungu, na jua linampiga kutwa nzima. Jioni anahesabu franka zake: hizi ni za mtaji, hizi za unga, hizi za makala, hizi za likelemba, na zilizobaki ni za dawa ya mtoto anayekohoa. Akifika nyumbani, vyombo vya asubuhi vinamngoja pale alipoviacha.

Baba yu wapi? Wengine wako kazini kweli, nao wanarudi wamechoka kama yeye; hao siwasemi. Lakini wengine wameketi chini ya mwembe tangu saa nne ya asubuhi, wakizungumza habari za Serikali. Mama akipita na mzigo kichwani, wanamwamkia vizuri sana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyeketi hamjui anayebeba.

Basi mama huyu akisinzia wakati wa rozari, mnasema amepoteza imani? Mimi nimewaona wamama sokoni wakipokea franka za kwanza za asubuhi: kabla ya kuzifunga katika kitambaa, wanafanya nazo ishara ya msalaba. Hawakuambiwa na padri wala na katekista. Hakuna anayewatazama. Shukrani ile inafanywa katikati ya kelele za wachuuzi na moshi wa magari, tena mbele ya faida kupatikana, kwa kuwa saa ile mama hajui bado kama siku itakuwa njema au mbaya. Nionyesheni sala ya shukrani iliyo safi kuliko hiyo.

Watu wataniambia: "Katekista, desturi yetu ndiyo hiyo. Mume ndiye anayelisha jamaa, mke anatumikia." Tuichunguze kidogo desturi hiyo, maana wengi wanadhani ilitoka kwa mababu, nayo haikutoka kwao. Mababu zetu walikula shamba, na katika shamba jembe la mwanamke lilifanya kazi kubwa. Hakuna mzee wa zamani aliyethubutu kusema ya kwamba yeye peke yake analisha nyumba. Desturi ya mume mlishaji ilikuzwa katika makambi ya kazi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi wake pamoja na bibi zao na watoto. Mtu akapewa nyumba, posho ya chakula, hospitali, na shule ya watoto. Bibi alifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Vyote vilipitia jina la mume na kazi yake. Siwalaumu wazee wetu waliofurahia maisha yale. Njaa haikuwa mlangoni.

Lakini makambi yale yako wapi leo? Kampuni ikawa mali ya Serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mwaka 1991 ukaja uporaji, na kufika mwaka 1994 shaba yote ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Kisha, tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi kwa kupewa fedha za mara moja, na fedha zile katika nyumba nyingi hazikukaa. Ni nani aliyeokoa jamaa hizo? Waulizeni watu waliokuwa watoto wakati ule. Watawaambia: Mama. Mama aliyeuza mikate mbele ya mlango, mama aliyelima kipande cha shamba nje ya mji, mama aliyeuza vitenge vyake vya arusi kimoja kimoja. Posho ya kampuni ilikwisha, posho ya mama haikukwisha. Lakini heshima ya mlishaji ilibaki kwa mume kama koti la marehemu: mwili haumo, koti bado linatundikwa ukutani.

Hapa ndipo naona shida yetu ya imani. Katekisimu inatufundisha kumshukuru Mungu kabla ya kula na baada ya kula. Vema. Lakini Mungu haangushi tena mana kutoka mbinguni kama alivyowafanyia Waisraeli jangwani. Anatupa chakula kwa mikono ya watu. Baba anayefumba macho, akasali sala ya chakula kwa sauti kubwa, akafumbua macho na kusema "Chumvi iko wapi?", amemshukuru Mungu wa mbali na kumdharau mjumbe wake wa karibu.

Kumbukeni wakoma kumi katika Evanjili ya Mtakatifu Luka. Tumezoea kuwahukumu wale tisa kama watu wabaya. Siyo hivyo. Yezu mwenyewe aliwaagiza waende kujionyesha kwa makuhani, nao walikuwa njiani wakitimiza agizo lake. Walikuwa watu wenye shughuli, tena shughuli ya halali, yenye haraka: kila mmoja alitaka kurudi kwa jamaa yake. Yule wa kumi, Msamaria, alikuwa na shughuli ileile. Tofauti ni ya kwamba yeye aligeuka. Alirudi nyuma hatua chache, akamtazama aliyemtendea mema. Yezu hakumwambia aache safari yake. Baada ya kushukuru alimwambia ainuke, aende zake. Kugeuka kule hakukuhitaji siku nzima, wala mkesha, wala sadaka ya fedha. Basi baba anayesema ya kwamba hana nafasi ya kugeuka na kumtazama bibi yake, anataka nafasi gani?

Tena Ekaristia yenyewe, jina lake katika Kigriki maana yake ni kutoa shukrani. Tunakwenda kupokea Shukrani kwa midomo yetu, halafu tunarudi nyumbani bila shukrani midomoni.

Mtanitajia Marta na Maria. Najua, kwa sababu mama akikosa mkutano, Marta ndiye anayetupiwa usoni. Lakini someni vizuri. Yezu hakumkemea Marta kwa sababu ya kupika. Alimwonya kwa sababu ya mahangaiko yaliyoujaza moyo wake. Wala hatusomi ya kwamba Yezu alikataa kula. Halafu fungueni Evanjili ya Mtakatifu Yohane, pale Lazaro alipokufa. Ni nani aliyetoka kumlaki Bwana njiani? Ni nani aliyekiri ya kwamba yeye ni Kristu, Mwana wa Mungu, akikiri karibu kama Petro alivyokiri? Ni Marta, yule wa jikoni. Sura inayofuata tunamwona tena akitumikia wageni. Imani yake haikumtoa jikoni, na jiko halikumtoa katika imani. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliamuru Marta, Maria na Lazaro wakumbukwe pamoja siku moja, tarehe 29 Julai, katika Kanisa lote. Wahubiri wanaopenda kuwagombanisha dada hawa wawili wangefaa kuiangalia kalenda.

Mnataka mfano wa jamaa ya karibu zaidi na siku zetu? Wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, msimamizi wa misioni, walitangazwa watakatifu wote wawili pamoja mwaka 2015. Mama yake, Zélie Guérin, hakuwa mtawa aliyefungiwa katika utulivu. Alikuwa mama wa biashara katika mji wa Alençon, Ufaransa: alitengeneza na kuuza lesi, kitambaa kile chembamba cha thamani, akiwagawia wanawake wengine kazi na kupokea oda. Alizaa watoto tisa, wanne wakafa wadogo. Zimebaki barua zake zaidi ya 200, na ndani yake tunamsikia mara nyingi akilalamika ya kwamba kazi imemchosha. Ndiyo, wapenzi, mtakatifu alilalamika ya kwamba amechoka! Asubuhi na mapema alikwenda Misa pamoja na mume wake, kisha akarudi kwenye sindano yake. Alikufa kwa ugonjwa wa kansa mwaka 1877.

Lakini ninalotaka mlitazame sana ni tendo la mume wake. Louis Martin alikuwa na duka lake la saa, kazi yake mwenyewe, yenye heshima. Mwaka 1870 aliliuza duka lile, akajiunga na biashara ya bibi yake. Alisafiri kwa ajili ya lesi, akashughulika na mauzo. Hakusema: "Mimi ni kichwa cha nyumba, nitamtumikiaje mwanamke?" Wababa wanaotaja mara kwa mara neno la Mtume Paulo juu ya kichwa, wasome mistari inayofuata palepale, ambapo wanapewa Kristu awe mfano wao, naye ni kichwa kilichovaa miiba.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale Ruwe karibu na Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransiskani, alikusanya wafanyakazi wa mgodi pamoja na bibi zao, na kundi lile likaitwa Jamaa. Baadaye yalizuka magomvi na maaskofu waliwaonya wengine, siyatetei yaliyokosewa. Lakini jambo moja lilikuwa jipya, na wazee wanalikumbuka: mume hakupokea mafundisho peke yake. Walikuja wawili, wakaulizwa wawili, wakaeleza mbele ya wengine namna wanavyopendana. Leo katika mashirika yetu mume anakuja kutoa ripoti ya bibi.

Na hapo nifike kwenye jambo linalonichoma zaidi. Katika parokia moja, sitaitaja, mama mjane alileta jina la mtoto wake mchanga liandikwe kwa ubatizo. Wakuu wa shirika wakafungua daftari ya mahudhurio, wakahesabu, wakamwambia: "Mama, umekosa mikutano mingi. Mtoto angoje." Mikutano ile hufanyika saa kumi na moja ya jioni. Saa kumi na moja ndiyo saa watu wanapotoka kazini na kununua mboga. Mwuza mboga akiondoka wakati huo, siku yake nzima imepotea, na mtaji wa kesho pamoja nayo. Nani kati ya wakuu wale alilijua hilo? Wote walilijua, maana mboga wanazokula zinanunuliwa saa ileile. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 868, inadai wazazi wakubali na pawe na tumaini lenye msingi ya kwamba mtoto atalelewa katika dini katoliki. Mjane aliyemvalisha mtoto medali ya Bikira Maria, akamleta mwenyewe, anaomba: tumaini gani jingine mnalitaka? Saa ya mkutano inaweza kubadilishwa kwa neno moja. Mtoto akifa bila ubatizo, daftari itajibu nini?

Wengine watasema ya kwamba asante kati ya mume na mke ni adabu ya Wazungu. Sisi hatusemi, tunaonyesha kwa matendo. Haya, yaonyesheni. Mbele ya chifu tunajua kupiga makofi na kuinama. Mgeni akituletea kuku, tunajua kusema aksanti mara tano. Ulimi wetu haukosi neno "pole", wala "pole na kazi". Tunamwambia hata mtu tusiyemjua, akipita na mzigo njiani. Ni mlangoni mwetu tu neno hilo linapotea. Na matendo mnayoyasema nayaona mengine ni haya: baba anaingia nyumbani, anafungua kitambaa cha mtaji, anachukua franka za kwenda kunywa. Anayekula mtaji wa bibi yake amekula pia daftari za watoto, na Dominika anapanga mstari wa komunyo.

Nanyi wamama, msifurahi upesi, ninalo neno lenu pia. Kuna anayepata nafasi ya kukaa saa mbili akisukwa nywele na kusengenya, lakini hana nafasi ya Baba Yetu moja. Kuna anayemwacha mtoto mgonjwa ili akakeshe katika vyumba vya sala, ambapo anaambiwa atoe "fedha ya shukrani" ili Mungu amzidishie. Fedha inayotolewa ili irudi mara kumi ni mtego wa ndege, hakuna shukrani ndani yake. Mapadri wa kale waliwafundisha babu zetu sala fupifupi, zinazosemwa mkono ukiwa kazini: jina la Yezu unapowasha moto, ishara ya msalaba juu ya paji la mtoto anayekwenda shule, Salamu Maria moja kwa kila ndoo. Hizo zinatosha kwa siku ya kazi nzito, na Mungu, aliyekaa miaka mingi katika nyumba ya seremala na mama wa Nazareti, anajua siku ya kazi ni nini.

Kwa wababa naomba mambo mawili madogo. La kwanza: kabla ya sala ya chakula, baba ataje kwa jina, mbele ya watoto, mikono iliyokileta chakula kile. "Mama aliuza tangu asubuhi, dada yenu alichota maji." Kisha ishara ya msalaba. Watoto wanajifunza kwa masikio. Mvulana asiyesikia baba yake akimshukuru mama yake, atamtenda bibi yake vivyo hivyo, na tutawaandikisha ndoa kisha tushangae zinavunjika. Huyo mvulana naye apewe ndoo. Mpira utamngoja.

La pili: jioni moja kila juma, shirika lisali katika nyumba baada ya soko kufungwa, mama aketi, na rozari iongozwe na yeye kama anapenda, au asinzie kama amechoka, Malaika wake mlinzi atamalizia. Kupika siku ile ni kazi ya baba.

Nilipolisema hilo mara ya kwanza, mzee mmoja aliniuliza kwa hasira: "Na bukari, nani atajua kuipika?" Maji yakichemka, tia unga kidogo kidogo, koroga, ongeza unga, kaza mwiko kwa mikono miwili mpaka iache kushika sufuria. Binti yako wa miaka 12 anajua, mwulize akuonyeshe.